Jumba la Dunrobin na Mabonde Yaliyohamwa

Majumba makubwa ya Ulaya huelezwa mara nyingi kwa idadi ya vyumba, majina ya wasanifu na wageni mashuhuri waliolala humo. Katika insha hii nimechagua jumba la Dunrobin, katika jimbo la Sutherland kaskazini mwa Uskoti, ili kuonyesha kwamba maelezo ya namna hiyo hayatoshi. Hoja yangu ni kwamba historia ya Dunrobin haieleweki bila historia ya wakulima waliofukuzwa katika mabonde yaliyokuwa chini yake.

Dunrobin imejengwa juu ya mwinuko unaotazama bahari, karibu na kijiji cha Golspie. Ilikuwa ngome ya mabwana wa Sutherland, na maandishi yanaitaja tangu mwaka 1401. Wakati huo kiongozi wa ukoo alihitaji watu kuliko fedha. Watu walilima, wakafuga ng'ombe na wakapigana vita vyake; naye akawapa mahali pa kuishi. Kwa lugha yao ya Kigaeli waliamini kuwa walikuwa na haki ya kukaa katika ardhi ya mababu zao, haki waliyoiita dùthchas. Tatizo ni kwamba haki hiyo haikuandikwa popote. Mahakamani mwenye ardhi alikuwa bwana peke yake.

Mwaka 1766 urithi wote ulimwangukia mtoto mchanga, Elizabeth. Mwaka 1785 aliolewa na George Granville Leveson-Gower, Mwingereza ambaye baadaye, mwaka 1803, alirithi utajiri mkubwa wa mifereji ya Uingereza. Ndipo yakaja yaliyoitwa maendeleo. Mabonde yangekodishwa kwa wafugaji wakubwa wa kondoo, na wakulima wangehamishiwa pwani wakavue samaki na kulima vishamba vyembamba.

Mwaka 1813 watu wa Kildonan walijaribu kupinga. Baadhi yao walikwenda Kanada, kwenye Mto Red, ambako leo upo mji wa Winnipeg. Mwaka 1814 ilikuwa zamu ya Strathnaver. Wakala wa mali, Patrick Sellar, aliwaondoa watu katika ardhi ambayo yeye mwenyewe alikuwa ameikodi kwa ajili ya kondoo wake. Nyumba zilichomwa ili wenyewe wasirudi. Mwaka 1816 alishtakiwa mjini Inverness kwa kuchoma nyumba na kusababisha vifo, akaachiwa huru. Miaka mitatu baadaye watu walihamishwa tena, na safari hii walikuwa wengi zaidi. Donald MacLeod, mwashi wa mawe aliyeshuhudia moto huo, ndiye aliyeuandika baadaye katika barua zake magazetini.

Ni haki tusikilize upande wa pili. James Loch, msimamizi mkuu wa mali hiyo, aliandika kitabu mwaka 1820 kueleza kwamba mabonde yalikuwa na njaa za mara kwa mara, na kwamba familia ilijenga barabara, madaraja na bandari ya Helmsdale. Njaa zilikuwa kweli na barabara zilijengwa kweli. Hata hivyo, swali ninalomuuliza Loch si kama barabara ni nzuri. Namuuliza ni nani aliyewauliza watu wa Strathnaver kama walitaka kuwa wavuvi. Katika mpango wake wakulima wanahesabiwa, wanapangwa na kuhamishwa, lakini hawaulizwi neno.

Familia nayo haikuwa na dhiki. Kuanzia mwaka 1845 Dunrobin ilipanuliwa kwa michoro ya Sir Charles Barry, msanifu wa jengo la Bunge la London, ikawa jumba la vyumba 189 lenye bustani za mtindo wa Kifaransa. Malkia Victoria alilizuru mwaka 1872.

Katika miaka hiyo hiyo Harriet, mke wa Duke wa pili wa Sutherland, aliongoza wanawake wa Uingereza kupinga utumwa wa Marekani. Mwaka 1853 Karl Marx alimkosoa gazetini, akimkumbusha kilichotendwa na familia yake. Mwandishi wa Marekani Harriet Beecher Stowe alimtetea, naye MacLeod, aliyekuwa amehamia Kanada, akamjibu kwa kitabu. Mimi sidhani kwamba kuchukia utumwa kwa mama huyo kulikuwa kwa uongo. Nadhani ilikuwa rahisi zaidi kuona dhuluma iliyo ng'ambo ya bahari kuliko ile iliyolipa kodi nyumbani.

Sheria ya kuwalinda wakulima wadogo wasifukuzwe ovyo ilipatikana mwaka 1886, wakati mabonde yalikuwa matupu tayari. Leo Dunrobin hupokea watalii. Juu ya mlima Ben Bhraggie, karibu na jumba, imesimama sanamu ya Duke wa kwanza iliyowekwa katika miaka ya 1830, yenye maandishi yanayosema kwamba imejengwa na wapangaji wenye shukrani. Wapo wanaotaka ibomolewe. Mimi ningeiacha, kwa sababu ni ushahidi: inatuonyesha jinsi mwenye nguvu alivyoweza kuandika hata shukrani za wanyonge. Lakini anayepanda mlima ule apewe pia kusoma barua za mwashi MacLeod, kisha aamue mwenyewe.