Mitambo ya dijei kwa sherehe ya nyumbani: Anza na umeme, si nyimbo

SHULE zinapofungwa miezi ya Agosti na Desemba, maboma mengi ya Sotik, Kaunti ya Bomet, hugeuka kumbi za sherehe. Leo ni koito, hafla ya posa na makubaliano ya ndoa miongoni mwa Wakipsigis. Kesho ni mahafali ya binti aliyehitimu chuo kikuu. Kesho kutwa ni shukrani ya mzee aliyestaafu baada ya miaka mingi kiwandani. Zamani familia ilikodi mitambo pamoja na mwenyewe. Siku hizi aghalabu ni mpwa au mjukuu anayefika na kipakatalishi begani, akiahidi kwamba atasimamia muziki bila gharama.

Ahadi hiyo inatekelezeka. Programu za kuchanganya muziki, mathalani Mixxx isiyolipiwa hata senti, au VirtualDJ inayoruhusu matumizi ya nyumbani bila malipo, hufanya kazi vyema katika tarakilishi ya kawaida. Ila ni nadra sherehe kuharibika kwa sababu ya programu. Huharibika kwa sababu ya umeme, waya na kipaza sauti, navyo ndivyo vitu ambavyo kijana mwenye mitambo huvikumbuka mwisho.

Umeme

Soketi ya kawaida nchini Kenya hutoa volti 240, na plagi yenye fyuzi ya ampea 13 imekusudiwa mzigo usiozidi wati 3,120 hivi. Kiasi hicho chatosha tarakilishi, miksa na jozi ya spika zenye amplifaya ndani, tena kwa ziada. Tatizo ni vile vitu vingine vinavyochomekwa papo hapo. Birika la umeme peke yake laweza kula wati 2,000. Ongeza friji ya soda na taa za hema, na fyuzi itakatika mzee akiwa katikati ya hotuba. Mitambo ya muziki ipewe soketi yake, na akina mama jikoni waarifiwe mapema ni ipi wasiiguse.

Umbali nao una gharama yake. Waya mwembamba wa milimita mraba 1.5 ukivutwa mita 50 kutoka nyumbani hadi hemani, ukibeba ampea 8, hupoteza takriban volti 10 njiani. Iwapo waya umezungushwa kwenye gurudumu, ukunjuliwe wote hata kama unaohitajika ni nusu yake. Ukibaki umejikunja, joto hukosa pa kutokea na ganda laweza kuyeyuka.

Kuna jambo moja ambalo halina mjadala. Plagi ya Kenya ina vijiti vitatu, na kile kirefu ni cha waya wa ardhini, ambao mafundi huuita ethi. Baadhi ya mafundi wa mitaani hukata waya huo ili kuondoa mvumo unaosikika katika spika. Huko ni kucheza na mauti. Amplifaya ikipata hitilafu, umeme uliopaswa kukimbilia ardhini hupitia kipaza sauti cha chuma hadi mkononi mwa anayezungumza, naye aghalabu amesimama juu ya nyasi mbichi.

Mvumo wenyewe una tiba rahisi. Chomoa chaja ya kipakatalishi kwa sekunde chache. Mvumo ukitoweka, kosa ni la chaja, na kijisanduku cha kutenganisha mawimbi ya sauti kikiwekwa kati ya tarakilishi na miksa kitaumaliza. Vilevile hakikisha mitambo yote inapata umeme kutoka soketi moja, badala ya miksa kutoka sebuleni na spika kutoka jikoni.

Katika eneo la majani chai mvua ya alasiri si mgeni, na mara nyingine huandamana na mawe. Viungo vya waya viinuliwe juu ya nyasi, na meza ya mitambo iwe ndani kabisa ya hema wala si ukingoni ambako maji ya turubai humwagikia. Afadhali zaidi ni kupitisha umeme wote kwenye swichi ya kinga ya miliampea 30, ile inayojikata yenyewe umeme unapovuja. Na kikombe cha chai au mursik kisiwekwe karibu na kipakatalishi, hata kama kimeletwa na nyanya mwenyewe.

Jenereta ni akiba ya lazima. Usiku wa Ijumaa, Agosti 25, 2023, umeme ulipotea karibu nchi nzima kwa saa nyingi. Betri ya kipakatalishi huendelea kufanya kazi wakati kama huo, lakini spika huwa zimenyamaza. Jenereta ya kVA 2.5 hutoa takriban wati 2,000 halisi, na hiyo yatosha muziki na taa chache. Iwashwe na kuachwa itulie kabla ya kuunganishwa, izimwe kabla ya kuongezwa petroli, na iwekwe mbali na hema na madirisha. Moshi wake una hewa ya monoksidi ya kaboni, ambayo haina harufu na huua watu wakiwa usingizini.

Kutoka kwenye tarakilishi hadi kwenye spika

Mpangilio wenyewe si mgumu. Kipakatalishi huunganishwa kwa waya wa USB na kidhibiti, yaani kile kibao chenye magurudumu mawili na vitufe. Kidhibiti hupeleka sauti kwenye miksa, na miksa huipeleka kwenye spika. Asiye na kidhibiti aweza kutumia tundu la hedifoni la tarakilishi, ila atakosa kusikiliza wimbo unaofuata kabla ya wageni kuusikia. Kati ya miksa na spika tumia waya wa XLR wenye pini tatu, kwa kuwa umeundwa kufuta kelele zinazookotwa njiani. Wakati wa kuwasha, spika au amplifaya huwa za mwisho. Kinyume cha hapo ni mshindo unaoweza kuzipasua.

Programu huandaa sauti kwa vipande vidogo. Kipande cha sampuli 256, kwa kasi ya sampuli 44,100 kwa sekunde, ni kama milisekunde 6. Tarakilishi kuukuu hulemewa na kipande kifupi hivyo na sauti huanza kukatikakatika. Weka 512 au hata 1,024, kwani katika sherehe ya nyumbani hakuna atakayegundua tofauti. Zima intaneti, masasisho na sauti za arifa. Mlio wa ujumbe ukipenya kwenye spika wakati wa maombi, lawama zote ni za dijei. Nyimbo ziwe ndani ya mashine, na nakala nyingine kwenye kidiski cha USB. Wimbo wa dakika 4 wenye ubora wa kilobiti 320 kwa sekunde huchukua megabaiti 10 hivi, kwa hivyo nyimbo 1,000 zatosha ndani ya gigabaiti 10.

Hapa Sotik kuna suala la ziada ambalo vitabu vya ughaibuni haviligusi. Wageni wenye umri watataka nyimbo za Kipchamba arap Topotuk na wenzake wa enzi ya santuri na kaseti. Nyimbo hizo zimefika kwenye tarakilishi kupitia kanda zilizochakaa. Sauti yake ni ya chini, besi ni haba, na nyingi zilirekodiwa kwa mkondo mmoja wa sauti. Zikifuatwa na wimbo wa kisasa uliorekodiwa kwa nguvu, watu hushtuka. Programu nyingi zina uwezo wa kusawazisha viwango zenyewe. Uwashe, kisha zikague nyimbo za zamani moja moja nyumbani kabla ya siku yenyewe.

Muziki wa mashine, kwa hakika, si mgeni katika eneo hili. Mwaka 1950 mtafiti Hugh Tracey aliwarekodi huko Kapkatet, kwenye barabara ya kutoka Litein kuja Sotik, wasichana wa Kipsigis wakimwimba Chemirocha. Hilo lilikuwa jina la mwanamuziki Mmarekani Jimmie Rodgers, walilolitohoa baada ya kumsikia kwenye gramafoni. Mjukuu mwenye kipakatalishi, basi, ameikuta njia imeshafyekwa.

Hotuba kwanza

Katika koito au mahafali, dansi ni ya jioni. Mchana kutwa ni hotuba, nasaha na maombi, na familia itakumbuka kama maneno ya babu yalisikika au la. Kwa hivyo kipaza sauti kijaribiwe kabla ya wimbo wowote. Spika ziwe mbele ya msemaji, zikiwatazama wageni. Zikiwa nyuma yake, kipaza sauti huokota sauti yake yenyewe na kuanza kupiga mbinja. Besi ya mkondo huo ipunguzwe, na msemaji ashauriwe kukiweka karibu na mdomo. Wazee wengi hukishikilia kifuani, na ni wajibu wa dijei kumsogezea mzee kwa adabu badala ya kuongeza sauti.

Kuongeza nguvu, hata hivyo, si dawa ya kila kitu. Wati zikiongezwa maradufu, sauti hupanda kwa desibeli 3 tu, ilhali msikilizaji akienda umbali maradufu uwanjani hupoteza desibeli 6. Ni busara kuinua spika juu ya vichwa vya waliokaa, au kuweka jozi ya pili karibu na walio nyuma. Taa nyekundu za miksa zikiwaka mfululizo, mawimbi yamekatwa vilele, na vispika vidogo vya sauti nyembamba ndivyo huungua kwanza.

Kisha kuna majirani. Kanuni za kelele za mwaka 2009 ziliweka kikomo cha desibeli 50 mchana na 35 usiku nje ya makazi, na usiku ulihesabiwa kuanzia saa mbili na dakika moja. Mazungumzo ya kawaida ya watu wawili hufikia kama 60. Katiba ya 2010 nayo ilikabidhi kaunti jukumu la kudhibiti kelele, kwa hivyo anayenuia kucheza hadi usiku aulizie kibali katika ofisi za kaunti na kumwarifu chifu mapema. Besi ndiyo husafiri mbali zaidi, ikavuka bonde hadi upande wa pili wa mashamba ya chai. Ipunguzwe hiyo kwanza jua likizama.

Wakati wa kufunga, spika huzimwa mwanzo na tarakilishi mwisho. Waya zifutwe na kukaushwa kabla ya kuviringishwa, maana umande wa nyanda hizi huingia ndani ya plagi, na kutu huanza kabla ya sherehe ya pili.