Historia: Land Rover za zamani, buate mpya na miteremko ya Kivu

Kwenye mteremko wa Ngomo, kati ya Nyangezi na Kamanyola, gari lenye mzigo haliokolewi na freni peke yake. Linashikwa na vitesi. Dereva akiingiza vitesi ndogo kabla ya kuanza kushuka, injini yenyewe inayazuia magurudumu. Akichelewa, akatoa vitesi moja na kushindwa kuingiza nyingine, gari linabaki huru na uzito wote unaangukia freni. Ni vile vile kwenye mteremko wa Kabasha, upande wa Kanyabayonga. Wakaaji wa Kivu wanalijua jambo hilo, na familia zilizokimbia vita zikiwa zimeketi juu ya mizigo zinalijua zaidi.

Ndiyo sababu historia ya buate ya vitesi, ile ambayo Tanzania na Kenya wanaiita giaboksi, haiwahusu mafundi tu. Inamhusu kila mtu anayepanda gari la zamani na watoto wake. Na gari ambalo historia hiyo inaonekana vizuri zaidi ni Land Rover.

Vitesi zilianza kwa kelele

Mwaka 1891, huko Ufaransa, kiwanda cha Panhard et Levassor kilitengeneza gari ambalo injini yake iliwekwa mbele, buate ikafuata nyuma yake, na magurudumu ya nyuma ndiyo yakasukuma. Mpangilio huo ulifuatwa na viwanda vingi kwa miaka mingi. Lakini vitesi zake zilikuwa meno matupu yaliyosukumwa ili yakutane na meno mengine yanayozunguka. Kama myendo wa pande mbili haukulingana, meno yaligongana, na mengine yalivunjika.

Madereva wa zamani walijifunza kukanyaga ambrayaji, au klachi, mara mbili. Anakanyaga, anatoa vitesi, anaachia, anaongeza moto kidogo ili meno ya ndani yazunguke haraka, anakanyaga tena, ndipo anaingiza vitesi ndogo. Kazi hiyo inahitaji sikio na utulivu. Kwenye tambarare ni rahisi. Kwenye mteremko wenye matope, gari likiwa limejaa watu, ni jambo lingine kabisa.

Mwaka 1928 Cadillac ya Marekani ilileta sinkro, kazi ya mhandisi Earl Thompson. Wazo lenyewe ni jepesi: kabla meno hayajakutana, pete yenye umbo la koni inasugua upande wa pili mpaka pande zote mbili zizunguke kwa mwendo mmoja. Baada ya hapo meno yanaingia bila kelele. Dereva hahitaji tena kukisia.

Gari la shamba lililovuka bahari

Land Rover ilionyeshwa kwa mara ya kwanza Amsterdam tarehe 30 Aprili 1948. Kampuni ya Rover ya Uingereza ilikuwa imetoka katika vita, chuma kilikuwa kinagawiwa kwa kipimo, kwa hiyo mwili wa gari ulitengenezwa kwa aluminiamu. Mhandisi Maurice Wilks alikuwa na jipu ya vita kwenye shamba lake, akaona kwamba wakulima wanahitaji gari la namna hiyo.

Ili kupunguza gharama, Rover haikuanza na buate mpya. Ilichukua ile ya magari yake madogo ya mjini: vitesi nne, zenye sinkro kwenye ya tatu na ya nne tu. Nyuma yake wakafunga buate ya pili, ya kugawa nguvu mbele na nyuma, yenye mwendo wa juu na mwendo wa chini. Vitesi ya kwanza na ya pili, zile zinazohitajika zaidi mlimani, zilibaki bila sinkro.

Hali hiyo ilidumu. Series I ilifuatwa na Series II mwaka 1958, kisha IIA mwaka 1961. Ubelgiji nayo, kuanzia mwaka 1952, ilikuwa na Land Rover zilizotengenezwa kwa kibali na kiwanda cha Minerva huko Antwerp kwa ajili ya jeshi lake. Ilipofika mwaka 1971 ndipo Series III ikatoka ikiwa na sinkro kwenye vitesi zote nne za kwenda mbele. Utengenezaji wake uliendelea mpaka 1985.

Lily, kutoka Rumangabo mpaka Kisoro

Historia ya Land Rover iligusa Kivu ya Kaskazini kwa namna ya pekee. Dian Fossey, Mmarekani aliyekuja kuchunguza sokwe wa milimani, alifika Kongo akitokea Nairobi na Land Rover iliyochakaa ambayo aliiita Lily. Mwanzoni mwa 1967 alipiga kambi Kabara, juu katika milima ya Virunga. Mwezi wa Julai mwaka huo, wakati wa machafuko, askari walimshusha kutoka mlimani, na akazuiliwa Rumangabo. Alifaulu kutoka kwa gari lile lile na kuvuka mpaka kuingia Kisoro, Uganda. Baadaye alianza kazi upya upande wa Rwanda.

Wengi wanaokimbia leo wanaijua njia ya Kisoro. Juni 2022, Bunagana ilipotekwa, maelfu ya watu walivuka kuingia Kisoro, wengi kwa miguu. Mtu anapokimbia haulizi gari lilitengenezwa mwaka gani. Anauliza kama litafika.

Kutoa buate bila kushusha injini

Land Rover ya zamani inaweza kufunguliwa kwa funguo za kawaida. Series II na IIA zenye injini ya lita 2.25 zinaweza kupokea buate ya Series III, kwa sababu fremu na sehemu za kuifunga zinaelewana. Ndiyo sababu mafundi wengi duniani wameyapa magari hayo ya zamani sinkro ambayo kiwanda hakikuwapa.

Kitu cha kwanza ni mawe. Kwenye Land Rover hizi, freni ya mkono haishiki magurudumu moja kwa moja. Inashika mhimili wa kardani, nyuma ya buate ya kugawa nguvu. Kardani ikishafunguliwa, freni ya mkono haishiki tena chochote, hata kama levye yake imevutwa mpaka mwisho. Fundi anayelala chini ya gari bila kuweka mawe mbele na nyuma ya magurudumu ameweka maisha yake mikononi mwa mteremko.

Baada ya hapo anakata umeme wa betri na kumwaga mafuta ya buate zote mbili. Anatoa viti, sanduku la viti, na mabati ya sakafu. Hapa ndipo muda mwingi unapotea, maana bolti zilizokaa miaka hamsini na kutu hazitoki kwa kubembelezwa. Nyingine hukatwa. Kisha anatoa levye, waya wa kupimia mwendo, vyuma vya ambrayaji na vya freni ya mkono, na kardani zote mbili. Chini ya injini anaweka kriki na kipande cha mti, ili isiiname wakati buate inatoka.

Buate hizo mbili zikiwa pamoja zina zaidi ya kilo 100. Zinavutwa nyuma kidogo, halafu zinainuliwa kupitia ndani ya gari, kwa mnyororo au kwa watu wenye nguvu na mti mrefu.

Kabla ya kurudisha nyingine, ambrayaji inaangaliwa, kwa sababu hakuna anayependa kurudia kazi hii baada ya mwezi mmoja. Kama mafuta ya injini yanavuja kwa nyuma, yanazibwa sasa. Tena, buate ya Series III inapaswa kununuliwa pamoja na kifuniko chake cha mbele na ambrayaji yake ya inchi 9.5, maana mfumo wake wa kusukuma ambrayaji si ule wa Series II. Anayenunua sanduku peke yake kwa bei nafuu hujikuta akitafuta piesi nyingine kwa bei kubwa.

Wakati wa kuingiza, sahani ya ambrayaji lazima ikae katikati kabisa. Mafundi wanatumia mhimili wa buate ya zamani, au mti uliochongwa vizuri, kuipanga. Buate ikikataa kuingia, haivutwi kwa kukaza nati. Kukataa kwake ni ishara kwamba sahani imekaa upande. Anayelazimisha huvunja kitovu cha sahani, na anaigundua hasara siku ya kuwasha gari.

Levye tatu, na kila moja ina kazi

Buate nzuri yenye levye mbaya ni hatari kama buate mbovu. Levye kubwa inakaa juu ya buate, na mguu wake wa chini unashika vyuma vinavyosukuma vitesi. Mguu huo ukiwa umelika, dereva anadhani ameingiza vitesi ya pili kumbe meno yameshikana nusu. Gari likianza kushuka, vitesi inaruka. Kwa hiyo, pamoja na buate, hubadilishwa pia springi na sehemu zilizolika.

Kuna levye nyingine mbili. Yenye kichwa cha manjano inasukumwa chini ili kuunganisha magurudumu ya mbele katika mwendo wa juu. Yenye kichwa chekundu inavutwa nyuma ili kuingiza mwendo wa chini, na hapo magurudumu yote manne yanafanya kazi. Vyuma vyake vikipangwa vibaya, levye inaweza kuonekana iko mahali pake wakati ndani meno hayajakutana vizuri. Fundi mwangalifu anajaribu kila vitesi kabla ya kurudisha sakafu, mwenzake akizungusha kardani kwa mkono. Kisha anajaza mafuta ya EP90 na kurekebisha freni ya mkono. Mawe yanaondolewa mwisho kabisa.

Thamani ni mbili

Huko Uingereza, wapo wanaotafuta Land Rover ambayo kila piesi yake ni ya kiwanda. Kwao, kuweka buate ya 1971 ndani ya gari la 1962 ni kupunguza thamani yake, na wanayo haki, maana wanatunza kumbukumbu. Kwenye barabara mbaya thamani inapimwa kwa namna nyingine: gari lishuke Ngomo na watu waliolipanda wafike Kamanyola.

Hata hivyo sinkro si dawa ya kila kitu. Nayo inalika. Sheria ya madereva wa zamani haijafutwa na piesi mpya: vitesi ya kushukia inaingizwa juu, gari likiwa bado limesimama au linakwenda polepole, na haibadilishwi katikati ya mteremko. Abiria ana haki ya kumwomba dereva asimame kileleni afanye hivyo. Na gari la namna hii likisimama kwenye mlima, jiwe liwekwe chini ya gurudumu kabla watoto hawajashuka, kwa sababu freni yake ya mkono inategemea kardani, na kardani inaweza kukatika.

Vita vinaweza kuchukua garaji, mnyororo na gari lenyewe. Haviwezi kumnyang'anya fundi ujuzi wa mikono yake. Kati ya waliohama wapo mafundi makanika wanaokaa kambini bila kazi, na kando yao vijana wanaotafuta cha kujifunza. Buate moja mbovu, funguo chache na mtu anayeeleza kwa nini meno hukataa kuingia vinatosha kuanzisha somo.