Programu za DOS kwenye kompyuta za kisasa

Epi Info 6 ni programu ya DOS ya kuingiza na kuchambua takwimu za afya, iliyotolewa mwaka 1994 na CDC ya Marekani pamoja na Shirika la Afya Duniani. Mtafiti wa Korogwe, mji wenye kituo cha utafiti wa malaria cha NIMR, taasisi ya utafiti wa tiba ya Tanzania, akitaka kuiendesha leo atagonga mwamba. Windows ya biti 64 haiendeshi programu za DOS, na kompyuta yenye UEFI pekee haiwezi kuiwasha DOS yenyewe, kwani DOS hutegemea BIOS.

Kisa cha ajabu zaidi ni cha programu nyingi za DOS zilizoandikwa kwa Turbo Pascal 7. Zikianza, hupima kasi ya prosesa kwa kuhesabu mizunguko kisha kugawanya kwa 55. Kwenye prosesa ya kasi jibu huzidi 65,535, halienei katika biti 16, na programu hukatika kwa ujumbe “Runtime error 200”. Yaani mashine inaponzwa na ubora wake!

Printa ya USB nayo haionekani; DOS huzijua bandari za zamani kama LPT1 tu. Suluhisho mojawapo ni programu ya DOSBox, ambayo huiga prosesa ya zamani na kasi yake inaweza kupunguzwa, ila ilitengenezwa kwa ajili ya michezo. Kabla ya kuijaribu, nakili faili zako kwanza.