Bambo Moja, Magunia 40

Januari moja, kabla sijaacha chuo, nilimsindikiza nyanya yangu kuuza mahindi. Alikuwa na magunia 40, mavuno ya mwaka mzima. Mnunuzi akatoa bambo, ule mrija wa chuma wenye ncha kali, akalichoma gunia lililokuwa karibu naye. Punje zikamiminika kiganjani, akazitia kwenye kimashine. Kikasoma 14.7. Kiwango cha unyevu kinachokubalika Kenya ni asilimia 13.5.

"Shosho, haya bado ni mabichi."

"Kijana wangu, hebu choma na lingine."

"Mahindi ni mahindi, Shosho."

Bei ikakatwa kwa magunia yote 40. Kilichonichoma mimi ni kwamba nilikuwa mwaka wa pili, nasoma takwimu, na kwenye begi langu kulikuwa na kitabu chenye jibu. Jedwali liko pale nyuma, kurasa za mwisho. Nilikuwa nimelikariri ili nipite mtihani, lakini siku hiyo sikuwa na la kusema. Muhula uliofuata karo ilinishinda, nikatoka. Historia ya lile jedwali nimekuja kuisoma baadaye, bila mwalimu, na kusema kweli ningeifahamu mapema ningefungua mdomo.

Jedwali lilitoka kwenye kiwanda cha bia. Mwaka wa 1899, kijana Mwingereza wa miaka 23 aitwaye William Sealy Gosset, aliyesomea kemia na hisabati Oxford, aliajiriwa na Guinness mjini Dublin. Kampuni ilikuwa inachukua vijana wa sayansi ili bia isitegemee pua na ulimi wa mzee fulani tu. Ilikuwa lazima wapime shayiri, kimea na hopsi. Shida ni kwamba kila kipimo kinakula muda na pesa, na ukipima kimea kilekile mara mbili hupati namba ileile. Huwezi kupima kila punje. Unachota kidogo, halafu unakisia yaliyobaki.

Wanatakwimu wa wakati huo walijua kufanya kazi na vipimo vingi, mamia kwa mamia. Karl Pearson, bingwa wao kule London, hakuwa na haja kubwa na sampuli ndogo. Gosset alikuwa na vipimo vinne au vitano hivi. Mwaka wa 1906 kampuni ikamruhusu kwenda kukaa na Pearson chuoni University College, na swali lake akaenda nalo: nikiwa na vipimo vinne tu, naweza kukosea kwa kiasi gani?

Kabla hajapata jibu kwa hesabu, alilitafuta kwa mikono. Alichukua vipimo vya wahalifu 3,000, urefu wa mwili na urefu wa kidole cha kati cha mkono wa kushoto, akaviandika kwenye kadi 3,000. Akazichanganya vizuri kama karata, akazitoa moja moja bila kuchagua, akazigawa katika mafungu ya nne nne. Akapata sampuli 750. Kila moja akaipigia hesabu, na hapo hakuna kompyuta.

Fikiria alichokiona mezani. Watu ni walewale 3,000, na wastani wao halisi anaujua. Lakini fungu moja linasema watu ni warefu, la pili linasema ni wafupi, la tatu linakaribia ukweli. Hakuna fungu linalodanganya. Ndivyo sampuli ya nasibu ilivyo: inayumba. Alichogundua Gosset ni kwamba kuyumba huko kuna mpangilio, na mpangilio ukiujua unaweza kuandika kando ya kadirio lako kwamba linaweza kukosea kwa kiasi hiki.

Akaona pia mtego wa pili. Vipimo vikiwa vinne, hata ule mtawanyiko unaopimia kuyumba umeukisia kutoka kwa vilevile vinne. Ukitumia kanuni ya sampuli kubwa utajiamini kupita kiasi. Leo, tukitaka uhakika wa asilimia 95, kwa sampuli kubwa tunazidisha kosa la kawaida kwa karibu 2. Kwa vipimo vinne, jedwali linasema 3.18.

Nirudi kwenye mahindi, kwa namba za kubuni. Tuseme yule jamaa angechoma magunia manne aliyoyachagua kwa kura, apate 12.8, 13.1, 13.0 na ile 14.7. Wastani ni 13.4. Kwa hesabu ya Gosset, wastani wa mzigo mzima unaweza kuwa popote kati ya 12.0 na 14.8 hivi. Maana yake hata kwa magunia manne hujui kama mzigo umevuka 13.5 au la. Unahitaji kuchoma zaidi. Kwa gunia moja, tena la karibu na mkono, huwezi hata kupima mtawanyiko. Namba moja haina cha kulinganishwa nacho.

Matokeo ya Gosset yalitoka katika jarida la Biometrika mwaka wa 1908. Guinness haikutaka wafanyakazi wachapishe kwa majina yao, kwa hivyo makala ikasainiwa "Student". Mwanafunzi. Alibaki mtu wa kiwanda hadi alipofariki mwaka wa 1937, na ndiyo maana vitabu vyetu bado vinasema jedwali la Student, kana kwamba jamaa hakuwahi kumaliza shule. Nakiri hapo nilicheka peke yangu.

Krismasi iliyopita nikamsimulia nyanya habari hizi zote, tumekaa tunapukuchua mahindi. Akasikiliza hadi mwisho.

"Na huyo mtu wa pombe, yeye alikuwa anachoma mangapi?"

"Manne hivi, nyanya. Na hata hapo alikuwa anaandika kwamba huenda amekosea."

Akatupa gunzi kwenye rundo. "Basi mwaka huu ukija sokoni, hicho kitabu usikiache kwenye begi."