Tenwek: Hospitali Iliyojengwa kwa Barua

Hospitali ya Tenwek iko kando ya mto Nyangores, kilomita chache kutoka mjini Bomet, na umri wake sasa ni miaka 90 hivi. Ina vitanda zaidi ya 300. Inafundisha wauguzi, inafundisha madaktari wa upasuaji, na wagonjwa wa moyo huletwa pale kutoka mikoa ya mbali. Watu wa Kericho na Bomet, walio juu kwenye chai na walio chini kwenye nyanda za joto za Soin, wanaijua kwa kaulimbiu yake kwamba wao hutibu na Yesu ndiye anayeponya.

Historia yake husimuliwa kwa majina ya madaktari, na madaktari wanastahili. Lakini katika kumbukumbu hii fupi ningependa kuwapa nafasi watu ambao hutajwa mwishoni kabisa, baada ya wafadhili na wageni waheshimiwa: mume na mke waliokuja wakazeekea kazini, au waliokuja wakiwa wazee tayari, na barua walizoandika kwao. Nasema bila kutia chumvi kwamba hospitali hii ilijengwa kwa barua. Matofali, dawa, mafuta ya jenereta na mshahara wa mmisionari mwenyewe vilitegemea kurasa mbili za taipureta zilizofika salama upande wa pili wa bahari.

Sababu yake ni namna misheni za aina hii zilivyojitegemeza. Shirika lililofungua Tenwek, ambalo leo linaitwa World Gospel Mission, lilianzishwa Marekani mwaka 1910. Halikuwa na serikali nyuma yake wala mashamba ya kulilipia gharama. Kila mmisionari alitafuta watu wake wa kumchangia: mkulima huyu dola chache kwa mwezi, darasa lile la shule ya Jumapili kiasi kidogo zaidi. Wachangiaji hao hawakuwahi kuiona Afrika. Waliona barua. Ilikuwa kama kadi ya harambee inayozunguka kijijini, ila kijiji chenyewe kilikuwa bara zima, na kadi ilipaswa kuandikwa upya kila baada ya miezi michache kwa miaka 30.

Mizizi ya jambo hili inarudi nyuma kuliko Tenwek. Mwaka 1895 Peter Cameron Scott alishuka Mombasa na kundi dogo la Africa Inland Mission, wakaelekea Ukambani. Mwaka uliofuata walimfuata wazazi wake, mume na mke waliokwisha kulea watoto wao, watu wa umri ambao wenzao walikuwa wanakaa kuota moto. Hawakumaliza mwaka kabla ya kumzika mwana wao: Scott alifariki Desemba 1896. Sijui barua nzito kuliko ile ambayo mzazi huandika kuwaambia ndugu jambo kama hilo, akijua kwamba itakapowafikia wiki nyingi zitakuwa zimepita na kaburi limeshaota majani.

Katika kundi lile la kwanza alikuwamo kijana Willis Hotchkiss. Wenzake wengi walikufa au wakarudi kwao, yeye akabaki. Mwaka 1902 alishirikiana na Arthur Chilson na Edgar Hole kuanzisha misheni ya Marafiki (Quaker) kule Kaimosi. Kisha mwaka 1905 akaja kwa Wakipsigis na kuanzisha Lumbwa Industrial Mission. Alikaa katika nchi hii mpaka uzee ukamkuta, na mwaka 1937 akachapisha kitabu cha kukumbuka miaka yake 40, Then and Now in Kenya Colony. Kazi yake iliwaandalia njia wamisionari wa World Gospel Mission, ambao wa kwanza wao walifika Kenya mwaka 1932. Katikati ya muongo huo Tenwek ikafunguliwa. Kilikuwa kituo cha injili chenye zahanati ndogo, na kwa zaidi ya miaka 20 kazi ya tiba ilibebwa na wauguzi bila daktari wa kudumu.

Tuifuate barua moja ya miaka ile. Kutoka Tenwek ilisafiri kwa barabara ya udongo kuelekea Kericho. Wakati wa mvua ndefu barabara hiyo ilikuwa matope ya kumeza magurudumu. Kutoka Kericho ilipelekwa kwenye reli, stesheni ya Lumbwa, ambayo sasa ni Kipkelion. Kama ilikuwa ya meli, ilipanda treni ya kwenda Mombasa, na baada ya hapo ilihesabiwa kwa majuma. Kama mwandishi alikuwa na senti za kulipia ndege, barua iliteremka upande wa pili, kupitia Fort Ternan na Muhoroni pembezoni mwa Soin, hadi Kisumu. Pale ndege za Imperial Airways zilikuwa zikitua tangu mwaka 1931, zikielekea Misri na Ulaya. Baadaye ikaja ile karatasi nyepesi ya bluu ya barua za ndege, inayokunjwa ikawa bahasha yenyewe. Wazee wengi wa Kenya waliokuwa na jamaa ng'ambo wanaikumbuka, hasa namna maandishi yalivyobanwa pembeni pale nafasi ilipokwisha na habari bado ziko.

Barua ya mmisionari haikuwa ya mtu mmoja. Nakala ilimfikia rafiki mwaminifu nyumbani. Yeye aliipiga taipu kwenye stensili, akaizungusha kwenye mashine ya kurudufu, akaandika anwani kwa mkono na kuituma kwa mamia ya nyumba. Kazi hiyo mara nyingi iliangukia mama mzee au mjane wa kanisani, na nadhani jina lake halimo katika jalada lolote la hospitali.

Mpangilio wa barua hizi hujirudia: shukrani, kisha hali ya hewa na afya ya watoto, halafu mgonjwa mmoja au wawili, kisha mahitaji, na mwishoni mambo ya kuombewa. Mahitaji ndiyo niyapendayo kuliko yote, kwa sababu hapo lugha ya mimbari inakoma na maisha yanaanza: mashuka makuukuu, sabuni, miwani, nguo za watoto wachanga, balbu za taa. Akina mama wa makanisa ya Marekani walikuwa na desturi ya kuchana mashuka ya zamani kuwa bendeji, wakazikunja na kuzifunga kwa ajili ya hospitali za misheni. Shuka lililomlaza mtu kule likaja kufunga kidonda cha mtu huku.

Mwaka 1959 daktari Ernie Steury, mtoto wa shamba kutoka Indiana, alifika Tenwek na mkewe Sue. Kwa miaka kama kumi ya mwanzo alikuwa daktari pekee. Alizalisha, akakata, akaunga, akang'oa meno, na usiku jenereta ikizimwa ilibaki taa ya mkono. Akina Steury walikuja vijana wakaondoka wazee, baada ya zaidi ya miaka 30. Daktari alifariki mwaka 2002. Katika muda huo zahanati iligeuka hospitali ya rufaa. Kilichoibadilisha zaidi kilikuwa umeme. Katika miaka ya 1980 maporomoko ya Nyangores, yaliyokuwa yakimwaga nguvu zake bure karibu na wodi, yalitiwa bwawa na mtambo. Hospitali ikapata mwanga wake yenyewe, usiku na mchana, wakati ambapo vijiji vingi vya jirani vilikuwa bado kwenye koroboi. Mradi kama huo huhitaji wahandisi, mabomba, saruji na fedha nyingi. Huhitaji pia mtu wa kukaa mezani kila jioni kuwaeleza watu wa mbali kwa nini maji yanayoanguka katika bonde moja la Bomet yawahusu.

Katika miaka hiyo wazee wa aina ya pili, wale waliokuja wakiwa wazee tayari, walianza kuja kwa wingi. Mwaka 1977 ndugu wawili madaktari wa upasuaji, Richard na Lowell Furman, pamoja na Franklin Graham, walianzisha World Medical Mission ili kuwapeleka madaktari wa kujitolea katika hospitali za misheni, na Tenwek ikawa miongoni mwa zilizonufaika sana. Baadhi yao walikuwa wamestaafu au wanakaribia. Walikuja na wake zao, na nyuma yao wakaja wasio madaktari: fundi umeme, mhasibu, mwalimu wa watoto wa wamisionari, mwanamke wa kusimamia nyumba ya wageni. Makanisa mengine yana utaratibu rasmi wa namna hii. Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho, lililosajiliwa Kenya mwaka 1991, huwatuma mume na mke waliostaafu kwa muda maalumu, na barua zao kwa wajukuu ni hazina ya pekee.

Wakipsigis ni watu wa kuheshimu mvi. Daktari kijana alipokelewa vizuri, lakini mzee mwenye mkewe alipokelewa kwa namna nyingine: aliulizwa watoto wangapi, wajukuu wangapi, akapewa maziwa ya mursik na kiti kizuri, akaitwa kugo, na mkewe kogo. Naamini hili liliathiri walichoandika. Mmisionari kijana huandika juu ya hatari na ushindi, kwa sababu ana jambo la kuthibitisha. Mzee huandika majina ya jirani, bei ya mahindi, mjukuu wa mpishi aliyefaulu mtihani, mvua iliyochelewa. Kwa mwanahistoria wa Bomet hiyo bei ya mahindi ina thamani zaidi kuliko mahubiri mazima.

Tusizifanye barua hizi takatifu, hata hivyo. Ziliandikwa kwa watu waliotakiwa kuguswa na kuchanga, na zilionyesha yale ambayo wangeweza kuyaelewa. Miaka hiyohiyo Tenwek ilipokuwa inaanza, nchi ya Wakipsigis ilikuwa katika msukosuko mkubwa. Ardhi ya Kericho ilikuwa imekatwa, na kampuni za Brooke Bond na James Finlay zilikuwa zinapanda chai. Mwaka 1934 serikali ya kikoloni ilitunga sheria ya kuuhamisha ukoo wa Talai, na familia zake zikapelekwa kwa nguvu Gwassi, kando ya ziwa, mahali pa joto, mbung'o na njaa. Msomaji wa leo anayefungua barua ya miaka ya 1930 kutoka nchi ya chai hana budi kuuliza ardhi ilikuwa ya nani na nani ameondolewa. Kama barua iko kimya, ukimya huo nao ni sehemu ya historia ya taasisi.

Upungufu mwingine ni wa majina. Mkalimani aliyesimama kati ya daktari na mgonjwa, mkunga wa Kipsigis aliyejua njia kabla ya muuguzi kufika, mwinjilisti aliyetembea mpaka Kaboson, vijana waliobeba wagonjwa kwa machela kutoka mabonde ya mbali: hawa ndio walioifanya Tenwek iaminike. Daktari mgeni asingeaminiwa kama wao wasingemdhamini kwa neno lao. Katika barua nyingi za misheni, za Tenwek na za kwingineko, watu wa namna hii huitwa tu "msaidizi wetu". Kanisa la Africa Gospel, lililokua kutokana na kazi hiyohiyo, ndilo lililokuja kuwa mwenye nyumba, na wauguzi na madaktari wa Kenya ndio walio wengi wodini sasa. Historia ya miaka 90 haiwezi kuandikwa kwa kalamu ya wageni peke yao.

Na kwa bahati njema kalamu nyingine ilikuwapo. Wazee wale waliporudi Marekani waliandikiwa. Mwanafunzi aliyesaidiwa karo, muuguzi aliyehitimu, mchungaji aliyepata mtoto na kumwita kwa jina la rafiki yake mzungu: wote walichukua karatasi ya bluu na kuandika, kwa Kiingereza cha shule au kwa Kipsigis, kwa kuwa wamisionari waliokaa miaka mingi walikuwa wamejifunza lugha. Barua hizo zilikuwa na salamu ndefu, habari za misiba, habari za ng'ombe, na swali la lini mtakuja tena. Zikijumlishwa na zile za kwenda kuchangisha, ndipo tunapata mazungumzo kamili ya pande mbili.

Kumbukumbu hizi zimetawanyika vibaya. Jalada la Africa Inland Mission limehifadhiwa Wheaton, Illinois, na watafiti hulitumia. World Gospel Mission ina makao yake Marion, Indiana. Lakini barua za watu binafsi ziko kwenye maboksi ya viatu na dari za nyumba za wajukuu ambao hawajui Bomet iko wapi, na majibu yake yako kwenye masanduku ya bati huku kwetu, Silibwet, Longisa, Sigor na kwingineko. Mchwa hawachagui.

Ombi langu kwa hospitali, kwa kanisa na kwa serikali za kaunti za Bomet na Kericho ni dogo, nami nalisema kwa moyo wangu wote. Kitengwe chumba kimoja pale Tenwek, kikavu, chenye kabati za chuma na mashine ya kuskani. Umeme upo. Familia za Marekani ziandikiwe rasmi na kuombwa nakala, si asili. Wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Kenya Highlands mjini Kericho wapewe kazi ya kuzunguka kwa wazee, kurekodi sauti zao na kupiga picha za barua walizonazo bila kuwanyang'anya. Kila picha iandikiwe jina la mwandishi, mwaka, na majina ya Wakipsigis wanaotajwa ndani, hata pale mwandishi aliposema "msaidizi wetu" tu, maana bado wapo wanaoweza kusema msaidizi huyo alikuwa nani. Waanze na wauguzi waliofanya kazi Tenwek katika miaka ya 1960 na 1970. Wengi wao wamestaafu, wako nyumbani, na watafurahi kuulizwa.