Namba Zilizoimeza Kangemi

Hadi mwanzoni mwa miaka ya 1960, Kangemi ilikuwa nje ya mji wa Nairobi. Kisha mpaka ukasogezwa magharibi, na mashamba yake yakawa jiji.

Sensa ya 1969, ya kwanza tangu uhuru, ikahesabu wakazi 509,286 wa Nairobi ndani ya mpaka huo mpya. Namba hiyo inagawanyika kwa 6 bila baki. Nusu yake, 254,643, inaanza kwa tarakimu za msimbo wa simu wa Kenya. Sadfa tu, lakini sadfa tamu.

Katika sensa ya 2019 Nairobi ilifika wakazi 4,397,073: namba witiri, yenye tarakimu zinazojumlika 33, kwa hiyo 3 inaigawa, 9 haiigawi.

Jumla ya nchi nzima mwaka huo, 47,564,296, ni 8 mara 13 mara 457,349. Nayo inaweza kukaguliwa kwa mbinu kongwe ya kuondoa tisa, bila kikokotoo: jumlisha tarakimu za kila namba, kisha toa tisa tisa uone kinachobaki. Wanaume 23,548,056 wanabakiza 6, wanawake 24,014,716 wanabakiza 7, na watu 1,524 wenye jinsia mbili, waliohesabiwa peke yao kwa mara ya kwanza, wanabakiza 3. Sita, saba na tatu ni 16. Toa tisa, inabaki 7. Jumla kuu nayo? Saba.