Habari za Jirani kwa Jirani
Jinsi watu wa mitaa yetu walivyopashana habari, tangu mbiu hata gazeti

Katika kitabu cha jubilei watu hutazamia kusoma habari za maaskofu, na za makanisa yaliyojengwa, na za siku kuu zilizofanyika. Habari hizo ni njema, na wengine wamekwisha kuziandika vema kuliko niwezavyo mimi. Hapa nimependa kuandika juu ya habari ndogo: nani amezaliwa, nani amefika kutoka safarini, nani hajiwezi, nani amepotewa na mbuzi, nani anaoa Jumapili ya tatu. Labda msomaji atasema, Je, haya nayo ni historia? Nami najibu, Ndiyo. Habari hizi ndizo zilizowafanya watu waliotoka mbali, kila mtu na kabila lake, kuwa watu wa mahali pamoja. Tukizitupa, tumetupa nusu ya historia yetu.

KABLA YA KARATASI

Wazee wetu hawakukosa njia za kupashana habari. Huko pwani nyumba kubwa zilijengwa baraza za mawe mbele ya mlango, na hapo waliketi wenyeji na wapita njia, wakazungumza mambo ya mji. Huku bara watu walikutana chini ya mti mkubwa, na kisimani, na njia panda. Likitokea jambo la watu wote, pembe ilipigwa. Ndiyo asili ya mithali isemayo, Mbiu ya mgambo ikilia ina jambo. Ngoma nayo ilikuwa na maneno yake. Ngoma ya arusi haikuwa sawa na ngoma ya msiba, na mtu aliyekuwa shambani mbali aliweka jembe chini na kusikiliza, akajua kama imempasa kucheka au kulia.

Mgeni ndiye aliyekuwa gazeti la siku zile. Alipofika hakuulizwa habari mara moja. Alipewa mahali pa kuketi na maji ya kunywa, kisha akaulizwa, “Za huko utokako?” Akajibu, “Njema,” hata kama ameleta habari ya kifo, ndipo akanyamaza kidogo, na baadaye akasema, “Lakini...” Watu wageni hushangaa kwa desturi hii, wakidhani kwamba ni uongo. Si uongo. Ni adabu, maana habari nzito haimwagwi mbele ya mtu kama maji machafu. Hutuliwa polepole kama mzigo. Tena habari ya msiba hakutumwa mtoto kuipeleka. Alikwenda mtu mzima, mwenye ulimi wa kiasi, naye akaisema mbele ya mkubwa wa nyumba.

WATU WALIOKATIWA HABARI

Sasa na tuwafikiri watu ambao habari zao zote zilikatwa kwa siku moja. Misheni iitwayo UMCA ilifika Unguja mwaka 1864, pamoja na Askofu Tozer na Padre Steere. Wanafunzi wake wa kwanza walikuwa wavulana watano waliotoka utumwani, ambao Seyid Majid alimpa Askofu. Baadaye wakaja wengine wengi, waliokamatwa na manowari za Waingereza katika majahazi ya watumwa. Walikuwa Wayao, na Wamakua, na Wanyasa, na wengineo, kila mmoja na lugha yake. Mwaka 1887 Bwana Madan alitoa kitabu cha hadithi za maisha yao, kama walivyozisimulia wenyewe katika shule ya Kiungani.

Mtoto aliyechukuliwa hivi hakujua kama mama yake yu hai. Wala mama hakujua kama mtoto amekufa njiani, au ameuzwa Unguja, au amepelekwa ng'ambo ya bahari. Ubaya wa utumwa haukuwa minyororo na viboko tu. Ulikuwa pia kimya hiki. Kwa hiyo watu wale walipopata kuwa huru, kupashana habari hakukuwa mchezo wa kupitisha wakati. Mtu asiye na baba wala shangazi alihitaji mtu wa kumwuliza, “Umeamkaje?” na wa kumwambia mwingine, “Fulani ana homa, twende tukamtazame.” Jirani akawa ndugu kwa sababu alijua habari zako.

Mwaka 1876 Steere, ambaye sasa alikuwa Askofu, aliwaongoza watu waliopata uhuru kutoka Unguja, wakapita Lindi, wakafika Masasi, wakakaa hapo. Siku zile habari zilikwenda kwa miguu ya watu na kwa tanga. Msomaji apate kufahamu taabu yake kwa jambo moja. Mwezi wa Agosti 1882 Askofu Steere alifariki Unguja. Mwezi uliofuata Magwangwara waliishambulia Masasi, wakachoma nyumba, wakaua watu, wakachukua mateka. Misiba hii miwili ilikaribiana kwa majuma machache tu. Kule Unguja waliomlilia Askofu hawakujua hatari inayowajia watoto wake wa bara. Na wale wa Masasi walipotuma habari za shida yao, mtu waliyezoea kumlilia alikuwa amekwisha kuzikwa.

GAZETI LA MSIMULIZI

Steere alikuwa amewafundisha vijana kazi ya kupiga chapa, na mtambo wa misheni ulitoa vitabu vingi vya Kiswahili. Kwa kazi hiyo likazaliwa jambo jipya. Mwaka 1888 huko Unguja lilianza gazeti lililoitwa Msimulizi. Jina lake latosha kueleza kazi yake. Waandishi wake wengi walikuwa Waafrika, walimu na wanafunzi wa zamani wa Kiungani, waliokuwa wametawanyika katika vituo vya misheni: Mbweni, na Magila, na Newala, na Masasi, na kwingineko.

Waliandika nini? Waliandika habari za jirani kwa jirani. Shule ina watoto wangapi. Mvua imekuja au imechelewa. Simba ameingia mjini. Nani amebatizwa na nani ameoa. Mwalimu fulani amehamishwa, fulani amerudi kwao. Mtu wa Newala aliposoma habari za Magila, alijua kwamba rafiki aliyeketi naye benchi moja bado yu hai na anafanya kazi. Mahali ambapo mbiu haifiki, karatasi ilifika. Nami naona kwamba walimu wale hawakuwa wakiandika habari tu. Walikuwa wakishona tena kitambaa kilichopasuliwa.

Wengine wakafuata. Magila nako kulipigwa chapa gazeti la Habari za Mwezi. Shule ya Serikali ya Wadachi pale Tanga ilitoa Kiongozi tangu mwaka 1904; ndani yake walimu na makarani waliandika barua kutoka miji yao, hata vita ilipolikomesha. Mwaka 1910 Walutheri walianza Pwani na Bara, na Wakatoliki walianza Rafiki Yangu. Baada ya vita ya kwanza, Serikali ya Waingereza ilianza Mambo Leo pale Dar es Salaam, mwaka 1923. Mtu mmoja alisoma kwa sauti, na wengine kumi walisikiliza. Na habari ya kijiji chao ilipotokea, walimwomba aisome mara ya pili. Mwaka 1937 Erica Fiah akaanzisha Kwetu, gazeti lililokuwa mali ya Mwafrika mwenyewe.

HABARI NA UVUMI

Lakini imetupasa kusema pia juu ya upande wa pili, maana ulimi ulewao huunguza nyumba. Mwaka 1905, katika nchi ya Umatumbi, Kinjikitile aliwapa watu dawa ya maji, akisema kwamba risasi za Wadachi hazitawadhuru. Habari hiyo ilikwenda kwa siri, mtu akimnong'oneza mwenziwe. Wamatumbi waliita jambo hili njwiywila. Ilipita mipaka ya makabila kwa upesi ambao hakuna tarishi aliyeuweza. Manung'uniko ya watu yalikuwa ya kweli: walilimishwa pamba kwa nguvu, nao walipigwa. Lakini ahadi ya maji haikuwa ya kweli. Masasi misheni ilichomwa moto mwezi wa Agosti mwaka ule. Kisha Wadachi wakaharibu mashamba na vyakula, njaa ikashika nchi yote ya kusini, wakafa watu maelfu kwa maelfu.

Tena vita ya 1914 ilipokuja, kujua kusoma na kuandika kulikuwa hatari. Walimu Waafrika wengi wa misheni yetu walikamatwa na Wadachi, wakishukiwa kwamba wanawapelekea Waingereza habari. Walifungwa, wakatembezwa mwendo mrefu, wakapata mateso, na wengine hawakurudi. Basi twaona kwamba habari si kitu chepesi. Imewahi kuunganisha watu, na imewahi kuwaua.

Wazee walijua dawa ya uvumi, nayo ni maswali matatu: Nani amesema? Ameona kwa macho yake, au amesikia? Ni siku gani? Habari isiyoweza kujibu maswali haya iachwe nje ya mlango hata itakapopata majibu. Angalieni kwamba barua nzuri za walimu katika magazeti yale zilikuwa na mambo haya: jina la mwandishi, jina la mahali, na siku ya kuandika.

MATANGAZO YA JUMAPILI

Dayosisi yetu ilitengwa na Unguja mwaka 1926, na Askofu Vincent Lucas akawa wa kwanza wake. Tangu zamani hizo hata leo, gazeti ambalo kila mtu hulipata, ajue kusoma au asijue, ni matangazo ya kanisani. Baada ya kengele, au baada ya kile kipande cha chuma kinachotundikwa mtini mahali pasipo na kengele, watu hukusanyika. Na kabla ya kutawanyika husikia mambo ya juma.

Tangazo la ndoa ndilo kongwe kuliko yote. Mtaguso wa nne wa Laterano, mwaka 1215, uliagiza kwamba ndoa zitangazwe mbele ya watu. Na kwa desturi yetu hutangazwa mara tatu. Maana yake si heshima ya bwana arusi tu. Ni swali wanaloulizwa majirani: Je, mwajua kizuizi? Labda mtu huyu ana mke mahali pengine; labda ni ndugu wa damu. Padre hawezi kuyajua haya, wala vitabu haviyajui, lakini mwanamke aketiye nyuma karibu na mlango ayajua. Hapa Kanisa limekiri wazi kwamba maarifa ya jirani ni ulinzi wa wanyonge.

Kisha huja matangazo mengine: fulani amefiwa, mazishi saa kumi, fulani amelazwa, apelekewe uji, kisima kitafukuliwa siku ya Jumanne, kila nyumba itoe mtu na jembe, mbuzi mweusi mwenye sikio lililokatwa ameonekana kwa mzee kiongozi. Hakuna aonaye ajabu. Lakini mahali ambapo tangazo la mgonjwa halisomwi, mgonjwa hulala na njaa.

Tangu mwaka 1951 redio ya Dar es Salaam nayo ilianza kusema, na baadaye wengi wetu tulisikia vifo vya jamaa zetu vikitangazwa hewani pamoja na majina ya watu waliopashwa habari. Siku hizi simu hupeleka habari kwa dakika moja kutoka Newala hata Unguja. Mwendo umebadilika sana. Kazi ni ile ile, na hatari ya uvumi ni ile ile.

NENO KWA WALIMU NA WAZEE WA MITAA

Msimulizi ni wa thamani leo kwa sababu watu wa zamani waliandika mambo waliyoyaona madogo. Watu wanaotafuta historia ya nchi yetu wamezisoma barua zile ili kujua jinsi Waafrika wenyewe walivyoishi na walivyofikiri. Hakuna askofu aliyewaandikia. Waliandika wenyewe, kwa Kiswahili chao, juu ya mvua, na shule, na wagonjwa.

Nasi je? Karatasi ya matangazo husomwa Jumapili, na Jumatatu hufungiwa karanga. Ujumbe wa simu hufutwa ili kupata nafasi. Mjukuu wetu akitaka kujua ni mwaka gani kisima kilichimbwa, au mama yupi aliwapikia yatima wakati wa njaa, atamwuliza nani? Rejista ya ubatizo itampa jina na siku, wala haitamwambia zaidi.

Kwa hiyo kila mtaa na ununue daftari moja kubwa lenye jalada gumu. Mwalimu, au kijana mwenye mwandiko mzuri, aandike ndani yake matangazo ya kila Jumapili: jina, mahali, siku. Mambo ya aibu ya watu yasiandikwe, wala uvumi usiandikwe. Daftari likijaa, liwekwe ndani ya sanduku la bati pamoja na rejista, mbali na mchwa, na lingine lianzwe. Kazi hii haitaki fedha nyingi wala elimu kubwa. Yataka mtu mmoja asiyechoka. Watakaosherehekea jubilei baada yetu watafungua sanduku lile, nao watatufahamu, wala hatutakuwa majina matupu kwao.